Figo Zako ni Filta ya Shamba: Somo kwa Kijana Anayeshinda Juani



Jua limeanza kuchoma na wengi wenu mko kwenye nyanya, vitunguu na matikiti ya umwagiliaji. Kipindi kama hiki huwa tunaongea mbolea na kantangaze. Leo tunaongea kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye bajeti ya shamba ya mtu yeyote: figo.

Somo hili limetokana na swali la kijana mmoja wa vitunguu. Aliniandikia hivi: "Afisa, kila nikimaliza wiki ya palizi au ya kupiga dawa, mkojo unachoma na unakuwa mweusi. Nanunua dawa za UTI dukani, unapoa, baada ya muda unarudi. Ni sumu ya dawa za mimea au nini?" Swali lake nitalijibu hapo chini, na jibu lake linawahusu vijana wengi kuliko wanavyodhani.

Mimi ni mtu wa mimea, si daktari. Ninachokupa hapa ni elimu ya kukufanya uende kupima mapema na uache mazoea mabaya shambani. Matibabu ni ya hospitali.

1. Figo inafanya kazi gani?

Una figo mbili, kila moja ukubwa wa ngumi, zimekaa mgongoni chini kidogo ya mbavu. Kila figo ina vichujio vidogo sana vinavyokaribia milioni moja. Kwa siku moja vinachuja takribani lita 180 za maji kutoka kwenye damu. Karibu yote yanarudishwa mwilini, na lita moja hadi mbili tu ndizo zinatoka kama mkojo, zikibeba taka.

Kama una dripu shambani utaelewa haraka. Pale kichwani kwa mfumo kuna filta. Presha ya pampu ikizidi, filta inapasuka. Maji yakiwa machache na machafu, filta inaziba. Ukipitisha kemikali isiyofaa, inaharibika. Figo nazo huharibiwa kwa njia hizo hizo: presha ya damu ikiwa juu, maji yakipungua mwilini, na sumu au dawa zikipita.

Tofauti ni moja. Filta ya dripu unaenda dukani unanunua nyingine. Kichujio cha figo kikishakufa hakioti tena.

Na zaidi ya kuchuja, figo hupanga kiasi cha chumvi mwilini, husaidia kutawala presha ya damu, na hutoa homoni inayouambia mwili utengeneze damu. Ndiyo maana mgonjwa wa figo wa muda mrefu mara nyingi anaishiwa damu na kuchoka hovyo.

2. Kwa nini hutajua mapema

Mnyanya ukikosa maji unanyauka mchana huo huo. Figo haziko hivyo. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake na bado analima, anapiga dawa, anacheza mpira jioni. Vichujio vilivyobaki vinabeba kazi ya vile vilivyokufa, mpaka navyo vinachoka. Dalili za wazi, kama kuvimba miguu, kichefuchefu na kukosa pumzi, mara nyingi huja mwishoni.

Hapo ndipo unaambiwa habari ya kusafisha damu kwa mashine. Kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, karibu saa nne kila mara. Zidisha mwenyewe: ni zaidi ya mara 150 kwa mwaka, kwenye hospitali ambayo kwa wengi wetu iko mjini. Hata kama bima inalipa, nani anasimamia shamba siku hizo? Kupandikiza figo kunafanyika hapa nchini, Muhimbili walianza mwaka 2017, lakini unahitaji ndugu wa kukutolea figo na dawa za kumeza kila siku baada ya hapo. Kinga ni rahisi kuliko yote haya.

3. Funzo kutoka mashamba ya miwa

Kuna jambo lililotokea Amerika ya Kati ambalo kila mkulima wa nchi ya joto anapaswa kulijua.

Katika nyanda za chini za pwani ya Pasifiki, huko Nikaragua na El Salvador, wakataji wa miwa walianza kufa kwa figo kushindwa kazi. Hawakuwa wazee. Wengi walikuwa wanaume wa miaka 30 na 40, na wengine chini ya hapo. Kwa kawaida figo huharibiwa na kisukari au presha ya muda mrefu, lakini hawa wengi hawakuwa na vyote viwili. Madaktari wa El Salvador waliandika habari zao mwaka 2002. Nikaragua, karibu na mji wa Chichigalpa, kuna kijiji ambacho watu walikibandika jina la Kisiwa cha Wajane. Mwaka 2013 nchi za Amerika kupitia shirika lao la afya zilikubali rasmi kwamba hili ni tatizo kubwa la afya katika jamii za wakulima.

Wataalamu bado wanabishana kuhusu sababu zote, na viuatilifu navyo vinachunguzwa. Lakini kitu kinachoonekana tena na tena ni joto na kazi nzito bila maji ya kutosha wala mapumziko, siku baada ya siku, kwa watu wanaolipwa kwa kipimo cha kazi. Waliofanya kazi nzito pwani kwenye joto waliumia kuliko wanaolima milimani kwenye baridi.

Hebu jiulize: vibarua wetu tunawalipaje? Kwa kiguzo, kwa gunia, kwa ndoo. Anayelipwa kwa kipimo hapumziki, maana kupumzika ni kupoteza hela. Na wewe mwenye shamba, siku ya kuvuna tikiti gari linasubiri, hunywi maji mpaka saa tisa.

Sasa lile swali la mkojo unaochoma. Wakataji miwa wa Nikaragua walikuwa na hali hiyo hiyo, wao wakaiita "chistata". Mara nyingi walipewa antibayotiki kama wenye UTI, na dawa za maumivu juu yake. Lakini mwanaume kijana mwenye afya ni nadra kupata UTI kila wiki. Mkojo unapokuwa mzito sana kwa kukosa maji, unachoma wenyewe bila mdudu yeyote. Kwa hiyo kijana wangu wa vitunguu, acha kununua antibayotiki kwa kubahatisha. Nenda kituo cha afya wapime mkojo: kama kuna bakteria utatibiwa, yawezekana pia ni ugonjwa wa zinaa au kichocho, na kama hakuna kitu, tatizo ni maji na jua. Na hilo si dogo, maana kila ukikauka hivyo figo zinaumia kidogo.

4. Maji, kivuli, mapumziko

Habari njema ni kwamba walijaribu suluhisho na likasaidia. Huko El Salvador na Nikaragua wakataji walipewa maji ya kubeba mgongoni, mahema ya kivuli na mapumziko ya kupangwa. Mapumziko yalipoongezwa, kuumia kwa figo kukapungua. Na kwa wewe mfanyabiashara sikia hii: kwenye majaribio ya El Salvador kiasi cha miwa alichokata mtu kwa siku hakikushuka. Kuna kundi ambalo kiliongezeka.

Utaratibu wa kuufuata shambani kwako ni huu:

- Anza kazi ukiwa umekunywa. Kunywa bilauri moja au mbili kabla ya kutoka nyumbani. Ukisubiri kiu, umeshachelewa.
- Kunywa kidogo kidogo. Kwenye jua na kazi nzito, kikombe kimoja (robo lita) kila dakika 15 hadi 20. Hiyo ni kati ya robo tatu ya lita na lita moja kwa saa.
- Usipitilize. Zaidi ya lita moja na nusu kwa saa ni hatari, chumvi ya damu inashuka na mtu anaweza kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu. Wale wa kunywa lita tano kwa mkupuo "kusafisha figo", acheni.
- Pumzika kivulini angalau dakika 10 kila saa jua likiwa kali. Hakuna mti? Nguzo nne na turubai vinatosha.
- Kazi nzito ifanyike saa 12 hadi saa 4 asubuhi, na baada ya saa 10 jioni. Mchana fanya kazi za kivulini: kuchambua, kufungasha, hesabu.
- Angalia rangi ya mkojo. Manjano hafifu, uko sawa. Rangi kama chai ya rangi, umekauka. Ukiwa kahawia kama soda ya kola baada ya kazi ngumu, na misuli inauma, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Tupige hesabu. Una vibarua 10, wanafanya kazi saa 6. Kila mmoja lita moja kwa saa ni lita 60. Hizo ni ndoo tatu za lita 20. Weka maji safi, yaliyochemshwa au kutiwa dawa, kwenye ndoo yenye mfuniko na bomba, na kila mtu kikombe chake. Linganisha gharama hiyo na gharama ya mbegu chotara yako.

Vipi kuhusu soda na vile vinywaji vya kuongeza nguvu? Visiwe mbadala wa maji. Vina sukari nyingi, na tafiti zinaonyesha dalili kwamba kujaza maji ya mwili kwa vinywaji vitamu wakati wa joto kunaweza kuongeza mzigo kwa figo. Pombe nayo inakukojoza, inakukausha zaidi. Imani ya kwamba bia inasafisha figo haina ukweli. Kama mtu ametoka jasho sana, chakula cha kawaida chenye chumvi kidogo na maji vinatosha. Kama anahara au anatapika, ndipo atumie dawa ya kuongeza maji mwilini, pakiti yake ichanganywe kama ilivyoandikwa.

Jambo jingine: choo shambani. Dada zetu wengi hawanywi maji kwa makusudi kwa sababu hakuna pa kujisaidia. Wanabana mkojo kutwa nzima, na hiyo inawaongezea hatari ya UTI ya kweli ambayo ikipanda inafika kwenye figo. Choo cha shimo na ndoo ya kunawia ni sehemu ya miundombinu ya shamba, kama stoo.

5. Dawa za maumivu: hapa vijana mnaumia

Mgongo ukiuma baada ya kubeba bomba la lita 16 kutwa nzima, dawa ipo duka la jirani. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake. Wapo wanaozimeza asubuhi kabla hata ya maumivu, "ili nipige kazi".

Mwili ukikosa maji, figo hutoa kemikali za kuacha mishipa yake wazi ili damu iendelee kuingia. Dawa hizi zinazuia kemikali hizo. Ni sawa na kufunga geti vavu wakati mtoni maji yenyewe tayari ni machache. Kidonge kimoja kwa mtu mwenye afya aliyekunywa maji si tatizo kubwa. Shida ni jua, kukauka na kidonge kwa pamoja, tena kila siku kwa msimu mzima.

Mfano wa upande wa mifugo. India na Pakistani tai walikufa karibu kumalizika. Mwaka 2004 wanasayansi walithibitisha sababu: walikula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, na figo zao zikafa. India ikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Tai ni dhaifu kwa dawa hii kuliko binadamu, sawa, lakini ujue si pipi.

Cha kufanya: usimeze dawa hizi ukiwa juani, umekauka, unahara au unatapika. Ukihitaji, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa ni salama zaidi kwa figo. Maumivu yakizidi siku chache, kamuone daktari ajue chanzo. Mwenye presha, kisukari au tatizo la figo asizitumie bila ushauri kabisa.

6. Viuatilifu

Sumu inayoingia mwilini inasafiri na damu, na damu inapita kwenye figo. Parakwati, kwa mfano, ikimezwa hata kidogo inaharibu mapafu na figo, na haina dawa ya kuiondoa sumu yake. Kwa hiyo:

- Nunua yenye usajili wa TPHPA na lebo kamili. Angalia rangi ya mstari chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali zaidi, kisha njano, bluu, na kijani.
- Vaa glavu, gambuti, ovaroli, miwani na barakoa inayofaa. Mavazi haya yanaongeza joto, kwa hiyo piga dawa alfajiri tu, kwa mizunguko mifupi, na upumzike kivulini. Kabla ya kunywa maji, vua glavu na unawe kwa sabuni.
- Usikoroge kwa mkono, usizibue nozeli kwa mdomo, usipulize kinyume cha upepo.
- Usihamishie dawa kwenye chupa ya maji au soda. Chupa tupu isuuze mara tatu, suuzo rudisha kwenye bomba, kisha itoboe.
- Bomba linalovuja mgongoni ni la kutengeneza leo, si kesho.

7. Kichocho kwa wakulima wa mpunga na bustani za mabondeni

Ukiona damu kwenye mkojo, hasa mwishoni mwa kukojoa, usiseme ni uchovu. Kichocho cha mkojo kinapatikana kwenye maji yaliyotuama na mifereji yenye konokono. Minyoo yake huumiza kibofu na mirija ya mkojo. Mirija ikiziba, mkojo unarudi nyuma na kuharibu figo. Dawa yake, prazikwanteli, inapatikana vituo vya afya. Vaa gambuti mfereji ukiruhusu, na usikojoe kwenye maji, maana ndivyo mzunguko unavyoendelea.

8. Presha, kisukari na miti shamba

Duniani kisukari na presha ndivyo vinaongoza kuharibu figo, na vijana hamjasamehewa. Pima presha angalau mara moja kwa mwaka. Ikionekana 140 kwa 90 au zaidi kwa kurudia, anza matibabu. Punguza chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo umehesabu hadi iliyomo kwenye chipsi na viungo vya paketi. Acha sigara.

Kuhusu miti shamba, "asili" haina maana ya "salama". Kando ya mto Danube, kwenye nchi kama Serbia, Kroatia na Bulgaria, kulikuwa na vijiji ambavyo wakulima wake waliugua figo kizazi hadi kizazi. Ilikuja kujulikana kwamba gugu la jamii ya Aristolochia lilikuwa linaota ndani ya ngano, mbegu zake zinasagwa pamoja, watu wanakula mkate wenye sumu kidogo kidogo kwa miaka. Gugu tu. Kwa hiyo dawa ya chupa isiyo na lebo, ya "kusafisha figo" au "kuongeza nguvu", usiinywe. Hujui kuna nini ndani.

9. Vipimo viwili vya kuomba

Nenda hospitali ya wilaya uombe:

1. Kipimo cha mkojo kuangalia protini na damu. Ni cha bei nafuu, kijiti kinachovya tu.
2. Kreatinini kwenye damu. Mwambie mtaalamu akukokotolee kiwango cha uchujaji. 90 na zaidi ni kizuri. Chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi ni ugonjwa sugu wa figo.

Usiende kupima siku uliyotoka kubeba magunia juani, kreatinini inaweza kupanda kwa muda. Pumzika siku moja au mbili, kunywa maji kawaida, kisha nenda. Majibu yakiwa mabaya, rudia kabla ya kukata tamaa. Ugonjwa ukigunduliwa mapema unaweza kupunguzwa mwendo kwa miaka mingi.

Na ukishaambiwa una tatizo la figo, kiasi cha maji ya kunywa atakupangia daktari. Kanuni za hapo juu ni za mtu mzima wa afya.

Nenda haraka bila kusubiri kama: mkojo umepungua sana au umekata, uso au miguu inavimba, mkojo una povu lisiloisha au damu, unatapika na kuchanganyikiwa baada ya jua.

Kazi ya wiki hii

Fungua daftari la shamba, kwenye ukurasa wa gharama ongeza mistari minne: ndoo ya maji yenye bomba, turubai la kivuli, choo, na vipimo vya figo mara moja kwa mwaka kwako na kwa msimamizi wako. Andika bei za kwenu, jumlisha, kisha gawanya kwa ekari. Utaona ni kiasi gani ukilinganisha na mfuko mmoja wa mbolea ya kukuzia.

Halafu wasomee vibarua wako sehemu ya 4 na ya 5 kabla ya kuanza kazi kesho asubuhi. Dakika kumi zinatosha.

Somo lijalo tunarudi kwenye vitunguu: namna ya kukausha na kuhifadhi visioze kabla bei haijapanda. Kazi njema.